Siku Tatu za Kufunga

"Madirisha, Mama Kasiani. Wamesema tufunge madirisha. Nani kakwambia tumbo?"

"Tangazo linasema wakazi wote wafunge siku tatu. Hilo neno dirisha umelisoma wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Kandida aliinyanyua simu yake juu ya ua wa matete, akapitisha kidole kwenye maandishi, akarudia. Neno dirisha halikuwepo. Mlango nao haukuwepo. Tangazo zima la Mamlaka ya Pazia lilikuwa mistari miwili, na wa pili ulikuwa salamu.

"Aliyeandika ni kijana wa ofisini. Kala nusu ya sentensi."

"Basi yeye kala, sisi tumeambiwa tufunge," alijibu Mama Kasiani, jina lake Editruda, na watu wakacheka pande zote mbili za ua, maana mtaa ulishajaa. Wapo waliokuja na ndoo kama wanakwenda bombani, wapo waliojifanya wanaanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Ugomvi wa Mama Kasiani na jirani yake ulikuwa haupitwi.

Kandida hakucheka. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, sauti ya pili kwenye kwaya, na ndiye fundi wa mnara uliokuwa mlimani juu ya mji wa Mbinga, mnara ulioshika kamba za Pazia. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemhesabia mtoto vidole.

"Nisikilizeni. Jumatano saa sita mchana tunalikusanya Pazia, tunalishona palipochanika. Likikusanyika linakuwa zito, jua halipenyi. Jumamosi saa sita mchana tunalitandaza tena. Saa sabini na mbili, basi. Utashuka unga wake kidogo kutoka juu, si mzuri kwa kifua, ndiyo maana mnaambiwa mkae ndani mmefunga. Shetani anaingilia wapi hapo?"

"Siku tatu za giza," ilisema sauti kutoka kwenye mlango wa Editruda. "Hesabu ni ileile. Wao wanaita mashono."

Huyo alikuwa Winfrida, wifi yake Editruda, aliyekuja kutoka Peramiho wiki iliyopita na begi la mishumaa na daftari nene. Daftari lile lilikuwa limenakiliwa kutoka daftari la mama mwingine, nalo lilinakiliwa kutoka la mwingine, mpaka huko nyuma hakuna aliyejua lilianzia kwa nani. Lilisema hivi: litakuja giza la siku tatu, hakuna taa itakayowaka ila mshumaa wa nta uliobarikiwa, watu wafunge milango wasichungulie nje, na sauti za wapendwa wao zitakuja mlangoni kuwaita. Atakayefungua atakufa palepale.

"Padre kasema nini Jumapili?" Kandida aliuliza. "Si mlikuwepo? Kasema hayo si mafundisho ya Kanisa, ni maono ya watu binafsi. Siku wala saa hakuna aijuaye."

"Padre hajasema ni uongo," alisema Winfrida. "Kasema si lazima kuamini. Hata mwavuli si lazima, mpaka inyeshe."

Kandida akamwacha, akamgeukia Editruda peke yake, na sauti akaishusha. "Wewe ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Hawa wanakufuata. Ukiwaambia wasimfungulie mtu siku tatu, yupo atakayefia nje."

"Na nikiwaambia wafungue, wakafia ndani?"

Kandida alimtazama, akatazama daftari la wifi, akaenda zake. Editruda akabaki ameshika matete ya ua, hajui kama ameshinda au ameshindwa. Alikuwa amezoea kujua.

*

Pazia lilikuwa na miaka tisa angani, na watoto wa shule ya awali walidhani liliumbwa siku moja na mwezi. Lilikuwa maputo, milioni kwa milioni, membamba kama ganda la kitunguu, yakielea juu kuliko ndege, kazi yake kupunguza jua ili kahawa isiungue mtini. Mchana ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walishalizoea. Kilichowashinda kuzoea ni kasuku.

Kasuku lilikuwa jina la mtaani. Mamlaka waliwaita wajumbe. Vilikuwa vidude vya kuruka, ukubwa wa ngumi, vilivyotumwa nyumba kwa nyumba kila palipokuwa na agizo. Wataalamu waligundua kwamba mtu akiambiwa jambo na serikali hutia pamba masikioni, lakini akiambiwa na mtu wake hutii. Basi kila kasuku alipewa sauti ya mtu unayemsikiliza kuliko wote. Kwa jirani alikuja na sauti ya marehemu babu yake. Kwa Editruda alikuja na ya Kasiani, mwanawe, aliyekwenda Mtwara miaka minne iliyopita na tangu hapo kupiga simu kwa nadra kama mvua ya Agosti.

Jumatano hiyo giza liliposhuka, kasuku alikuja mlangoni. "Mama yangu mpenzi," alisema Kasiani, "kaa ndani, usifungue." Kasiani wa kweli hakuwahi kusema mpenzi tangu azaliwe. Editruda alijua hivyo. Alilia hivyo hivyo, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye komeo kabla Winfrida hajaudaka.

"Umeona?" alisema Winfrida. "Sauti ya mpendwa, mlangoni. Daftari limeongopa wapi?"

"Hiyo ni mashine, wifi."

"Na shetani kakwambia hapandi mashine?"

Ndani walikuwa kumi na watatu. Jumuiya ilipiga kura kwamba wakae pamoja kwa mwenyekiti, na kwamba mlango usifunguliwe kwa yeyote mpaka mwanga urudi. Kumi walinyoosha mkono, wawili walikuwa wamesinzia, na Editruda mwenyewe alinyoosha nusu. Siku ya kwanza ilikuwa karibu na sherehe. Editruda alikuwa mtu wa nyumba iliyojaa. Alipenda kuruka miguu ya watu akielekea jikoni, alipenda kusikia habari tatu zikisimuliwa kwa mpigo. Walisali rozari, wakasengenya kidogo, wakatubu kusengenya, wakasali tena. Walifunga kutwa na kula mara moja, jioni.

Tatizo likawa jioni ni ipi.

Umeme wote wa mji ulikuwa wa jua. Betri zilipokauka simu zilizimika, na wakabaki na saa ya ukutani yenye mishale, zawadi ya kipaimara cha Kasiani. Ilionyesha saa mbili. Saa mbili ya asubuhi au ya usiku? Nusu ya nyumba ilikuwa imelala, nusu haijalala. Ikaonyesha saa nane, hivyo hivyo. Winfrida, aliyekuwa akihesabu kwa mishumaa, akasema leo ni Ijumaa. Mzee Gebhard, katekista mstaafu, alihesabu kwa ndevu zake, akijipapasa kidevu, akasema haiwezi kuwa chini ya Jumamosi. Mtu mmoja akasema yeye anaona kama wameshakula mara tano. Mwingine akasema mara mbili, tena ya pili haikuwa ya kushiba.

"Kama ni Jumamosi na saa sita imepita," alisema Editruda, "Kandida alisema mwanga ungerudi."

"Kwa hiyo si Jumamosi," alisema Winfrida.

"Au ni Jumamosi na Kandida kakosea," alisema Mzee Gebhard, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Kifua chake kilikuwa cha mtu aliyefundisha miaka arobaini katika vyumba vya vumbi la chaki. Alipomaliza kukohoa aliongeza jambo la tatu, polepole, lakini hakulimaliza. "Au ni Jumamosi na..."

*

Mlango uligongwa wakati ugali ulikuwa unasongwa. Usipa, samaki wadogo wa ziwani, walikuwa tayari, wamekaangwa na nyanya, na harufu yao ilijaa nyumba nzima.

"Tumsifu Yesu Kristo," ilisema sauti nje.

"Milele na milele, amina," waliitikia wote kumi na watatu, kisha wote wakajiziba mdomo kwa mikono. Daftari lilikuwa limesema wazi kwamba hata kujibu usijibu. Lakini mdomo wa Mkatoliki haungoji akili.

"Mama Kasiani, ni mimi. Kandida. Nifungulie."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Editruda alisogea mpaka chumba cha mbele, mikono ina unga.

"Nenda kwako, mwenzangu. Si una nyumba hapo."

"Kitasa changu ni cha umeme. Kimekufa, hakisomi kidole. Nimetoka mnarani kwa miguu, nimeanguka mtoni, nimelowa. Nifungulie."

Kwa baridi ya nyanda zile, hata jua likiwepo, mtu hulala na blanketi mbili. Jua halikuwepo kwa siku nne, au tatu, au ngapi. Editruda aliusikia ubaridi ukipita chini ya mlango na kumshika vifundo.

"Ni kasuku," alinong'ona mtu.

"Si kasuku," alisema Editruda. "Kasuku hupewa sauti unayoitii. Kandida mimi nimemtii lini?"

"Kama si kasuku," alisema Winfrida, "ndiye yule mwingine." Alikuwa ameshasimama mbele ya komeo, mshumaa mkononi.

Editruda akafikiri. Kasuku hubeba matangazo, hana umbea. Mtu wa kweli hakosi umbea. "Kama ni wewe," alisema kwa sauti, "niambie habari ambayo haijatangazwa popote."

Kutoka nje: "Wifi yako. Ijumaa Kuu ya mwaka jana alipokuja kukusalimia, nilimkuta nyuma ya mashine ya kukoboa anakula mshikaki. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nisamehe, Winfrida, ila nakufa na baridi."

Ndani hakuna aliyemtazama Winfrida, na kwa namna hiyo wote walimtazama.

"Ni kweli?" aliuliza Editruda.

"Ni nani angejua hilo?" alisema Winfrida. "Kandida na mimi. Na Ibilisi. Nani huwashitaki watu dhambi zao, Mzee Gebhard? Si ndiye yeye? Si ndiyo kazi yake imeandikwa?"

Wote wakamgeukia katekista. Mzee Gebhard alijifuta macho, yaliyokuwa yakimtoka machozi kwa kikohozi.

"Imeandikwa," alikubali. "Anaitwa mshitaki. Lakini na majirani nao..." Akatikisa kichwa. "Miaka arobaini nimefundisha kwamba Bwana atakuja kama mwizi. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza tufanyeje mwizi akija na sauti ya jirani. Angeniuliza ningekuwa nimeshatafuta jibu."

"Na huo unga," alisema mama mmoja kutoka pembeni. "Kandida mwenyewe ndiye aliyesema unaua kifua. Ukifungua, mzee huyu atapona?"

Hapo ndipo Editruda aliponaswa. Daftari lilisema funga. Mamlaka ilisema funga. Jumuiya ilipiga kura ya kufunga. Mara ya kwanza maishani mwake mbingu na serikali zilikuwa zimekubaliana, na yeye alikuwa amesimama katikati na unga wa mahindi mikononi, akitamani mmoja wao apinge ili apate wa kumfuata.

"Kandida," aliita. "Bado uko?"

Pakagongwa tena, mara mbili, bila nguvu. Na Editruda akasikia jambo ambalo wengine hawakulitambua, kwa sababu wengine walikuwa wakisikiliza sauti ya nani. Yeye alisikia imetoka wapi. Mara ya kwanza mlango uligongwa usawa wa kifua. Sasa uligongwa chini, karibu na kizingiti. Aliyekuwa akigonga alikuwa ameketi. Au amelala.

"Mpelekeni mzee chumba cha ndani," alisema. "Mfungeni kitambaa kibichi puani. Asiyetaka kuona aende naye. Wifi, nipishe."

"Tulipiga kura."

"Mtachagua mwenyekiti mwingine kesho."

"Kama kesho ipo."

"Kama haipo, basi hakuna haja ya uchaguzi. Nipishe, Winfrida."

Winfrida hakupisha. Alikuwa analia sasa, si kwa hasira. "Utakufa, Editruda. Palepale. Nitamwambia nini Kasiani?"

"Mwambie sikujua ni nani," alisema Editruda. "Kama ni shetani, nimedanganywa, na Mungu anajua kwamba mimi ni mjinga. Kama ni Kandida na nikamwacha nje, basi wifi, kila neno nitakalomwambia Mungu nimelijaribu kichwani, na hakuna hata moja linalotosha."

Akamsogeza kwa bega, kama anavyosogezwa mtu kwenye foleni ya kisima, akavuta komeo.

*

Upepo uliingia kwanza. Mishumaa ilikuwa minne. Miwili ikazimika, miwili ikabaki, na hakuna aliyejua hiyo ni ishara ya nini, kwa maana daftari halikuzungumzia nusu. Kisha Editruda akainama, akashika kitu kilicholowa, baridi kama samaki, akakivuta ndani. Mtu akasukuma mlango kwa mgongo, komeo likarudi.

"Bado tupo?" aliuliza mtu gizani.

"Tupo."

"Una uhakika gani?"

Winfrida alikuwa amejishika kifua, akisikiliza moyo wake kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni. Kutoka chumba cha ndani Mzee Gebhard alikohoa, na kwa mara ya kwanza kikohozi kile kikawafurahisha.

Kwenye mkeka alikuwa Kandida, au mtu mwenye uso wa Kandida. Midomo yake ilikuwa ya buluu, nywele zimejaa weupe ambao haikujulikana ni unga au umande ulioganda. Winfrida akachovya vidole kwenye maji ya baraka, akamrushia. Kandida akajipangusa.

"Nimeshalowa vya kutosha, dada," alisema.

Wakamvua gauni, wakamvika kitenge na sweta la Kasiani, wakamsugua mikono. Alipoacha kutetemeka, Editruda aliuliza lile ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilitaka.

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili. Saa saba mchana."

Mtu akasema tumekosa Misa, kisha akakumbuka kwamba mwanga ulipaswa kurudi jana.

"Kwa hiyo mmechelewa kulitandaza," alisema Editruda. "Mashono yamekuwa mengi. Ndiyo, eh? Mmechelewa tu."

Kandida alimtazama. Miaka yote ya ugomvi, kuhusu maji, kuhusu kuku, kuhusu nani anaimba juu kuliko nota, Editruda hakuwahi kumwona jirani yake akitafuta neno.

"Tulilitandaza jana saa sita kamili," alisema. "Kila kitu kilikwenda sawa. Kipimo cha chini kinasema liko wazi. Nikasema kipimo kimeharibika. Nikapanda juu ya mnara mwenyewe na kipimo cha mkono. Maputo yametawanyika kama yalivyokuwa kabla ya Jumatano. Hakuna kinachoziba, Mama Kasiani. Pazia liko wazi tangu jana."

"Sasa jua liko wapi?"

"Sijui."

Alilisema polepole, neno ambalo kinywa chake hakikulizoea. Winfrida akalifungua daftari, akageuza karatasi mbele, akarudi nyuma. Liliishia siku ya tatu. Baada ya hapo kulikuwa na kurasa nyeupe na orodha ya sabuni na chumvi.

Mzee Gebhard alikuwa ametokea mlangoni mwa chumba cha ndani, kitambaa kibichi puani, akishikilia ukuta.

"Mitume nao walidhani Bwana ni mzuka," alisema. "Walikuwa wamejifungia, kwa hofu. Akawauliza kama wana chochote cha kuliwa. Wakampa samaki, akala, wakamwona anakula."

"Unasema tumpime?" aliuliza Winfrida.

"Nasema nimekumbuka tu. Sijui nasema nini."

Macho yote yalihamia kwenye sufuria ya usipa, kisha kwa Kandida, kisha kwa Editruda. Nje hakukuwa na sauti ya ndege wala ya mtu. Editruda aligundua kwamba hakuwa akingoja kuona kama mgeni huyu atakula. Alikuwa ameshaanza kumega ugali, tonge kubwa, la mtu aliyetembea kutoka mlimani, akaliweka sahanini na samaki pembeni.

"Wifi, lete maji ya kunawa, na umpishe mwenzio hapo penye joto," alisema. "Kandida, sogea. Karibu ule kwanza. Hayo mengine utatueleza ukiwa umeshiba."